Urefu wa Kwenye Kadi

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwenda zake. Mimi sijambo, ila mgongo unanisema kwa kuinamia matumbo ya watu kutwa nzima. Jana tumepima watu sitini na wawili. Nikifumba macho naona maini tu.

Najua simu huitaki. Juzi nilikupigia, ukapokea, ukasema "Tumeshanunua, asante," ukakata. Kelele za pampu zimekumaliza masikio na wewe hutaki kukubali. Basi nimeamua kuandika. Dereva wa gari la dawa anapita huko kila Jumanne, ameahidi atakukabidhi mkononi.

Habari yenyewe ni hii. Timu yetu ya pili inakuja kwenu tarehe kumi na nne, shuleni, na mashine ya picha ya tumbo. Sitakuja mimi. Kanuni yetu hairuhusu mtu kumpima ndugu yake, maana jicho la ndugu huwa linaona linachotaka. Atakuja mwenzangu, ni fundi mzuri. Nenda, baba. Kichocho cha tumbo si kama kile cha watoto kinachoonekana kwenye mkojo. Minyoo yake hutaga mayai, mayai yanakwama kwenye ini, na ini linajijaza makovu kuzunguka mishipa, taratibu, miaka na miaka, bila mtu kusikia hata kichomi. Kwenye kioo tunayaona makovu hayo kama kingo nene nyeupe. Wewe, mfungua maji wa mashamba, umesimama kwenye mfereji ule miaka thelathini na moja, maji yakikufika magotini, na hata baada ya kustaafu bado unaingia ukidhani hakuna anayekuona.

Usile chochote asubuhi hiyo. Nakujua, ndiyo maana narudia: usile.

Msalimie mwenzako wa mfereji, Kijiko, na mkewe.

Binti yako

18 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, kikohozi kimechoka chenyewe kikaniacha. Nimefurahi kusikia kwamba unafanya kazi, sikufurahi kusikia habari za mgongo. Umri wako huo mgongo bado ni mali mpya.

Nimekwenda. Nilikula kidogo tu, usianze. Huyo mwenzako alinipaka yale mafuta ya baridi nikaruka mpaka watu wote wakacheka, Kijiko akasema nimerukia maji ya mfereji miaka yote, leo nakimbia kijiko kimoja cha mafuta. Unajua tena mdomo wake. Ndiyo kazi yake, kutembea na kijiko mfukoni na kusema watu.

Lakini nisingekuwepo mimi, kazi yenu ingelala. Foleni ilikuwa inafika kwenye vyoo. Karani wenu, mama mmoja mwenye miwani, ana ubao wa kupimia urefu unaoyumba kama mlevi, na kila mzee akisimamishwa anabishana naye. Mara vua viatu, mara nyoosha shingo, mara rudia. Nikaenda nyumbani nikaleta kitabu changu cha zamu, kile cha wafungua maji wote, nilichopewa nilipokuwa mnyapara. Kina namba ya kadi ya kila mtu na urefu wake, maana ndivyo tulivyokatiwa makoti ya mvua. Nikamsomea. Wazee wa mfereji wote kumi na tisa tulimalizwa kwa dakika tano. Karani alinishukuru sana, akasema anatamani kila kijiji kingekuwa na mtu kama mimi.

Majibu: nimepata alama tatu. Kwenda hospitali ya rufaa mtu anatakiwa apate nne au zaidi. Kijiko naye hakufika nne, na wale wengine vilevile. Kwa hiyo unaweza kuacha kuniota. Tumerudi nyumbani tunacheka.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Nimekaa na fomu za kijijini kwenu mezani, na fomu yako iko mbele yangu. Imeandikwa urefu: sentimita mia moja themanini na mbili.

Baba! Lini mara ya mwisho ulikuwa na urefu huo? Ulipoajiriwa! Mimi nikisimama karibu yako siku hizi macho yetu yanakutana, na mimi si twiga. Mgongo wako umepinda, umepungua kama wanavyopungua wazee wote, na hilo si tusi.

Ngoja nikueleze, kwa sababu naona kila mtu amelichukulia jambo hili kama mapambo ya fomu. Tunapima upana wa mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini. Mtu mrefu kwa kawaida ana mshipa mpana, mtu mfupi mwembamba. Kwa hiyo upana peke yake hausemi kitu mpaka tuulinganishe na urefu wa mwenyewe. Mshipa wako kwa mtu wa mia na themanini na mbili ni wa kawaida, haukuongezewa alama hata moja. Kwa mtu wa urefu ulionao leo, mshipa huohuo umevimba. Ongeza na makovu aliyoyaona mwenzangu, ambayo hata hivyo hakuyaona vizuri kwa sababu mtu fulani alikuwa amekula kidogo tu. Unafika nne. Pengine unapita.

Nimekwenda kwa mkuu wa utafiti. Amenisikiliza huku anatafuta kifuniko cha kalamu. Akasema fomu zimeshatiwa saini na zimefungwa, utafiti huu ni wa kujua asilimia ya kijiji na si wa mtu mmojammoja, na wazee hao watapimwa tena mwakani. Nikamwambia kuna fomu kumi na tisa zenye urefu uliotoka kwenye kitabu cha makoti ya mvua. Akasema kumi na tisa kati ya mia saba haziharibu asilimia. Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu, kitasa kikabaki mkononi mwangu. Kwa hilo wameniandikia barua ya onyo.

Jipime. Simama ukutani bila viatu, bila kofia, mtu mwingine aweke alama. Nitumie namba ya kweli, nitajua la kufanya. Na uwaambie wenzako wote kumi na wanane wafanye hivyohivyo. Fomu za wengine siruhusiwi kukusimulia, ni siri zao. Waambie tu wajipime.

Binti yako

10 Machi

Binti yangu,

Umeanza barua bila shikamoo. Nimeisoma mara mbili nikidhani ukurasa wa kwanza umedondoka njiani.

Mimi nina urefu wa mia na themanini na mbili. Imeandikwa kwenye kadi yangu ya kazi na muhuri umepigwa juu yake. Watu wananiita Mrefu tangu hujazaliwa. Leo mtoto niliyembeba begani anakaa ofisini na kuniambia nimepungua, kama mche wa sabuni! Kijiko nimemsomea kipande hicho, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema basi yeye atakuwa amebaki kijiko cha chai.

Dawa za kichocho nameza kila mwaka zinapoletwa. Nameza zote mbele ya mgawaji, wala sitemi kama wengine. Minyoo imekufa. Kilichokufa kitaniumiza vipi? Na hili tumbo unalolisema kila ukija ni la mtu anayekula akashiba, hakuna ugonjwa hapo.

Nimepimwa, nimepewa majibu, tena na watu wenu wenyewe. Nyie wataalamu mkishasema jambo mjifunze kulisimamia. Mimi nilipokuwa kazini, nikiandika maji yako kiwango fulani, yako kiwango hicho.

Sina hasira. Kula vizuri.

Baba yako

17 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ile ya barua iliyopita pia upokee. Nilikosa. Hasira zilinipanda kichwani nikasahau adabu. Unaendeleaje? Unalala vizuri?

Sasa nisikilize kama mfungua maji. Dawa inaua minyoo, ni kweli, na endelea kuimeza. Lakini makovu yalikwishajijenga, na mengine hayaondoki. Wewe unaujua mfereji uliojaa tope. Hata ukimfukuza aliyetupa tope, tope liko palepale. Maji yanafika, yanakosa njia, yanarudi nyuma, yanapanda kingo, yanatafuta vijia vya pembeni ambavyo havikuchimbwa kwa maji mengi kiasi kile. Ndivyo damu inavyofanya ini likiziba. Inarudi nyuma. Bandama linavimba, na huenda ndilo hilo tumbo la kushiba. Halafu damu inapita kwenye vimishipa vyembamba vya koo la chakula, vinatuna, na siku moja kimoja kinapasuka. Mtu anatapika damu, si ya kutema mate, ya kujaza bakuli. Wewe unaishi peke yako tangu mama afariki. Kutoka langoni kwako mpaka hospitali yenye mashine ya kuzuia damu hiyo ni mwendo wa saa tano. Nani atakubeba?

Hospitali ya rufaa haimpokei mtu bila cheti, na cheti hakitoki bila alama nne, na alama hazibadiliki bila urefu. Sikuomba kitu kingine chochote. Namba moja tu, baba. Kweli inakushinda?

Kama umeona choo cheusi kama lami, usijibu barua hii, panda gari lolote uende zahanati.

Binti yako

27 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki sita bila kuijibu na sina kisingizio.

Kijiko tumemzika jana.

Alikuwa anafunga kamba ya mbuzi. Mkewe anasema alikohoa mara moja tu, akatapika damu, akasema "Lete maji," akatapika tena. Tulimweka kwenye mkokoteni tukakimbia naye kuelekea barabarani. Hatukufika hata darajani. Nilikuwa nimemshika kichwa. Ile barua yako, binti yangu, ile ya bakuli, ilikuwa mfukoni mwangu wakati ule.

Baada ya maziko sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye lango la mfereji, kwenye ile nguzo ya kupimia kina cha maji, mimi mwenyewe niliyeipaka rangi namba zake kila kiangazi. Zamu hii maji yalikuwa yamefungwa, chini pakavu. Nikavua viatu na kofia, nikasimama, nikamwita mmoja wa wenzangu asome. Akasema mia na sabini na moja. Nikamwambia asome tena. Nikabadilishana naye nafasi ili anionyeshe alipoweka kidole. Mia na sabini na moja. Nguzo ile niliwahi kumsimamisha mtu kazi kwa kuisoma vibaya, kwa hiyo sina pa kubishana nayo.

Leo asubuhi nikawaita wote. Wengine walikuja wamenuna, mmoja alitaka apimwe na kofia. Nimewapima mmoja baada ya mwingine, hakuna hata mmoja aliyefika namba ya kitabuni. Orodha ninakutumia humu, majina na urefu, watu kumi na wanane. Wa kumi na tisa hapimiki tena.

Niambie jambo moja, na usinifiche. Kijiko alikuwa na alama ngapi?

Baba yako

4 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Nililia kwenye stoo ya mafuta ya mashine, mahali pekee penye mlango unaofungika. Alinifundisha kuogelea na mkewe alinisuka nywele siku ya kwanza ya shule.

Umeniuliza, na sasa siri hiyo haina wa kuilinda. Alikuwa na tatu, kama wewe. Fomu yake ilikuwa chini ya yako. Mshipa wake ulikuwa mpana kuliko wako. Niliiona tarehe mbili Machi na nikaandika "waambie wajipime" kwa sababu sikuruhusiwa kuandika jina lake. Nimetii kanuni, baba. Nimetii vizuri kabisa.

Nimepiga hesabu upya ya watu wako kumi na wanane. Sita wanafika nne au zaidi. Wewe una tano. Nilimpelekea mkuu orodha pamoja na habari za msiba. Akasema ni jambo la kusikitisha, ataliweka kwenye ajenda ya mwezi wa saba. Basi nimeandika vyeti sita kwa mkono wangu na kuvigonga muhuri wa timu. Kazi hii inaweza kuniponyoka, na iponyoke. Vyeti anavyo dereva. Jumanne ijayo, tarehe kumi na mbili, akimaliza kugawa dawa atawapakia wote sita na kuwafikisha hospitali ya rufaa jioni hiyohiyo. Chukua shuka, sabuni na kadi yako.

Usiniandikie habari za lango. Panda gari.

Binti yako

12 Mei

Binti yangu,

Gari limekuja, watano wamepanda. Mimi nimebaki.

Usinune kwanza. Maji yanafunguliwa Alhamisi, na huyu mfungua maji mpya hajui lango la tatu linavyonata. Akilivuta vibaya mashamba yote ya chini yatakauka na miche bado midogo. Nitakwenda wiki ijayo, au ile ya pili.

Tena nitakueleza ukweli, maana wewe ni mwanangu. Nilipokuwa naweka mguu kwenye ngazi ya gari, mke wa Kijiko alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara anatutazama. Alitupungia mkono. Mguu ulikataa.

Cheti changu ninacho. Kiko kwenye kile kitabu.

Baba yako

13 Mei

Baba,

Shikamoo.

Miche itapandwa tena. Nimemwangukia dereva miguuni mbele ya ofisi nzima, anageuza gari leo hii na barua hii ndani yake, na amekubali kusimama nje ya nyumba yako na kupiga honi hata kama ni mpaka betri iishe. Hilo hata wewe utalisikia.

Panda gari.

Binti yako

29 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Naandika nikiwa nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Nimesikia umeitwa makao makuu kujieleza na hujui utarudi lini. Wakikuuliza nani aliharibu fomu zile, wape jina langu, na anwani wodi namba sita, kitanda cha dirishani.

Nilifika tarehe kumi na nne asubuhi. Siku ya kwanza walinipima, tena kwa ubao uliosimama wima. Siku ya pili, nikiwa nakunja blanketi, nilisikia joto limepanda kifuani, nikatapika. Ilikuwa damu. Nesi alikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Wakanikimbiza chumba cha pembeni, daktari akanishushia mpira wenye kamera kooni na kuifunga mishipa mitano kwa vipira vidogo. Wameniongeza damu chupa tatu. Daktari akaniuliza, "Mzee, leo ungekuwa wapi kama hukuja?" Nikamwambia ningekuwa langoni, jana Alhamisi tungefungua maji, leo ningekuwa nakagua kingo. Akatikisa kichwa akaandika.

Wale wenzangu watano, wawili wamefungwa mishipa, watatu wamepewa dawa wakarudi nyumbani. Mimi nimechoka na nina hasira. Ini haliponi, wanasema, litabaki na makovu yake. Kila mwezi nirudi hapa kufungwa tena mpaka vimishipa vikauke, na maji ya mfereji nisiyakanyage hadi nife. Uji wa hapa hauna ladha. Redio ya wodi haisikiki, na ni kweli, nimekubali, ni masikio yangu.

Jana mke wa Kijiko alikuja kuniona. Amebadili magari mawili, kaniletea shuka jipya, lenye mistari ya bluu, kwa sababu alisikia kwamba langu liliharibika na damu. Akalitandika mwenyewe upande mmoja, mimi nimejivuta pembeni. Halafu akaniuliza, wala hakuwa na ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza njia: "Shemeji, nyie mlipimwa siku moja, kwa mashine moja. Mume wangu alirudi anacheka, kasema hana tatizo. Mbona nyie wengine mliletewa vyeti?"

Ningeweza kumwambia mashine ilikosea. Angeamini. Nilimweleza yote. Kitabu cha makoti, karani, zile dakika tano, jinsi nilivyosoma namba yake kwa sauti na yeye Kijiko akasema "Naam, mkuu." Nikamweleza pia kwamba uliniandikia nijipime na niwapime wengine, tangu Machi, na mimi nikaona unanivunjia heshima.

Hakulia. Aliinuka, akalivua shuka lile kitandani, akalikunja kwa nne, akalitia kwenye mfuko wake, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili "Upone haraka," akaondoka.

Nesi ameniuliza mara mbili kama nataka shuka la wodi. Nimemwambia bado kidogo.

Baba yako